Ukalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya: Taaluma Inayodai Nafasi Katika Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wanapofafanua dhana ya ukalimani, aghalabu husema kwamba ni uhawilishaji wa ujumbe wa mazungumzo kutoka lugha moja hadi nyingine. Fasili hiyo ina manufaa, kwani huutenganisha ukalimani na tafsiri, ambayo hushughulikia maandishi. Hata hivyo, ina upungufu mmoja mkubwa: huchukulia kwamba kila lugha hutoka kinywani na kuingia masikioni. Kwa njia hiyo humwacha nje mkalimani ambaye Wakenya wengi wamezoea kumwona katika pembe ya skrini ya televisheni wakati wa taarifa ya habari, mikono yake ikifuatana na sauti ya msomaji. Makala haya yanaeleza kazi ya mkalimani huyo, yanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokua kutoka hisani hadi taaluma, na yanatoa hoja kwamba idara za Kiswahili hazina budi kuifungulia mlango.

Lugha ya ishara ni lugha

Kwa miaka mingi ishara za viziwi zilidhaniwa kuwa maigizo tu ya mikono. Mnamo mwaka 1880, kongamano la walimu wa viziwi lililofanyika Milan, Italia, lilipitisha kwamba viziwi wafunzwe kwa matamshi, si kwa ishara. Athari ya uamuzi huo ilienea mbali, na watoto wengi walikatazwa kutumia mikono yao darasani. Mtazamo wa wanaisimu ulianza kubadilika mwaka 1960, William Stokoe wa Chuo cha Gallaudet, Marekani, alipochapisha uchunguzi uliodhihirisha kwamba ishara hugawika katika vipashio vidogo visivyo na maana vikiwa peke yake: umbo la mkono, mahali ishara inapofanyiwa na mwendo wake. Kipashio kimoja kikibadilishwa, maana hubadilika, sawa na fonimu zinavyotofautisha ‘pata’ na ‘bata’.

Aidha, lugha ya ishara si moja duniani. Waingereza na Wamarekani husema Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa ishara, kwa kuwa lugha ya ishara ya Marekani ina uhusiano wa kihistoria na ile ya Ufaransa. Nchini Kenya, viziwi wana Lugha ya Ishara ya Kenya (LIK), ambayo imefanyiwa uchunguzi wa kiisimu tangu mradi wa utafiti ulipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991. LIK si Kiingereza cha mikono wala Kiswahili cha mikono. Ina msamiati na sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo hukaa usoni: nyusi, macho, midomo na mtikiso wa kichwa huweza kuonyesha ukanushi, swali au mkazo.

Kazi yenyewe

Wataalamu hutofautisha ukalimani fuatizi, ambapo mkalimani humngoja msemaji atue, na ukalimani sawia, ambapo hukalimani huku msemaji akiendelea. Katika lugha mbili za sauti, ukalimani sawia huhitaji kibanda na vipokea sauti ili sauti mbili zisigongane. Mkalimani wa ishara hahitaji vifaa hivyo, kwani lugha moja husikika na nyingine huonekana. Ndiyo maana ukalimani sawia umekuwa desturi katika fani hii.

Wepesi huo wa nje huficha uzito wa ndani. Mkalimani hafasiri neno kwa neno. Husubiri kidogo apate wazo zima, kisha hulijenga upya kwa sarufi ya lugha lengwa, na wakati uo huo masikio yake yanapokea wazo linalofuata. Akili huchoka upesi, na uchovu huzaa makosa. Kwa sababu hiyo, katika vikao virefu wakalimani wawili hupokezana takribani kila dakika 20. Mkalimani huketi au kusimama karibu na msemaji, penye mwanga, ili kiziwi aweze kuwaona wote wawili. Huvaa nguo isiyo na marembo, yenye rangi inayoachana na rangi ya ngozi yake, mikono isipotee machoni. Husema kwa nafsi ya kwanza: kiziwi akisema kwa ishara kwamba anaumwa, mkalimani hutamka “ninaumwa,” si “anasema anaumwa.” Uso nao lazima uonekane. Wakati wa janga la Korona lililozuka mwishoni mwa mwaka 2019, barakoa zilipofunika midomo na mashavu, zilifunika pia sehemu ya sarufi.

Si kila mkalimani husikia. Wapo wakalimani viziwi, ambao huhitajika hasa pale mtu aliyekulia mbali na shule na viziwi wenzake anapotumia ishara za nyumbani tu. Mkalimani kiziwi huzigeuza ishara hizo kuwa LIK, na mwenzake anayesikia huzitia katika lugha ya sauti.

Kutoka hisani hadi taaluma

Kabla ya kuwapo kwa mafunzo, kiziwi alikalimaniwa na mtu yeyote aliyekuwa karibu: mama, mwalimu, mhubiri au hata mtoto wake. Msaada huo ulitolewa kwa moyo mwema, lakini ulikuwa na hatari. Mtoto anayemkalimania mzazi wake mbele ya daktari husikia siri asizostahili kuzisikia, na huenda akapunguza makali ya habari mbaya. Ndugu anayekalimani polisi huenda akawa ndiye mshukiwa. Ndipo yalipozaliwa maadili ya taaluma: kutunza siri, kutoegemea upande, kutoongeza wala kupunguza, na kukataa kazi inayomzidi mtu uwezo.

Nchini Marekani, daftari la kitaifa la wakalimani wa viziwi liliasisiwa mwaka 1964. Chama cha ulimwengu cha wakalimani wa lugha za ishara kilianzishwa Montreal, Kanada, mwaka 2003, na kongamano lake la kwanza likafanyika Worcester, Afrika Kusini, mwaka 2005. Katika Afrika Mashariki, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya ishara, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, alichaguliwa kuwa mbunge. Bila mkalimani, sauti yake isingalifika katika ukumbi wa Bunge.

Kenya nayo imepiga hatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake ilitwaliwa na sheria mpya ya mwaka 2025, ilivitaka vituo vya televisheni kuweka mkalimani au maandishi katika taarifa za habari. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, huitaka Serikali kukuza LIK. Kifungu cha 120 huitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, nacho Kifungu cha 50 humhakikishia mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi msaada wa mkalimani bila malipo.

Hata hivyo, haki ya kupata mkalimani haina maana iwapo hakuna njia ya kumtambua mkalimani halisi. Tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela mjini Johannesburg, mtu mmoja alisimama kando ya viongozi wa dunia akifanya ishara ambazo viziwi walisema hazina maana. Waliomwajiri hawakuweza kugundua, kwa kuwa hawakuijua lugha yenyewe. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba wa kwanza kuulizwa kuhusu ubora wa mkalimani ni viziwi wenyewe. Mtaala, mtihani au leseni yoyote inayotungwa bila wao ni nyumba isiyo na msingi.

Kiswahili kinaingia wapi?

Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika ule wa KCSE, mtahiniwa kiziwi alipewa LIK mahali pa Kiswahili. Utaratibu huo humpa mtoto haki ya kupimwa katika lugha anayoimudu. Lakini una matokeo ya pembeni: viziwi wengi humaliza shule wakiwa wamesoma Kiingereza na LIK pekee, ilhali soko, matatu na baraza la chifu huendeshwa kwa Kiswahili. Vitabu na kamusi za LIK pia zimeegemea sana maelezo ya Kiingereza. Hivyo, daraja kati ya Kiswahili na LIK limebaki mabegani mwa mkalimani, naye mara nyingi hulivuka kwa kupitia Kiingereza.

Kizunguko hicho huleta hasara. Katika Kiswahili, ‘kusikia’ si kazi ya masikio pekee. Mtu husikia njaa, baridi na harufu. Daktari akimuuliza mgonjwa kiziwi, “Unasikia maumivu wapi?”, mkalimani asiye makini akatoa ishara ya kusikia kwa sikio, swali litageuka kichekesho au tusi. Vivyo hivyo methali “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu” huhusu utiifu, na kiziwi mtiifu hastahili kudhani kwamba inamsema yeye. Mahakamani, shahidi ‘hula kiapo’, mtuhumiwa ‘hula njama’ na afisa ‘hula rushwa’, na hakuna chakula chochote mezani. Mahakama za chini nchini Kenya huruhusiwa kutumia Kiswahili, kwa hiyo mifano hii si ya darasani tu. Ishara moja iliyokosewa huweza kumpeleka mtu gerezani au kumwachilia aliyemdhulumu.

Utatuzi wa matatizo haya unahitaji maarifa ya semantiki, pragmatiki na fasihi simulizi, ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanayo. Wanachokosa ni LIK. Somo la ukalimani linaweza kupanuliwa ili mwanafunzi ajifunze LIK kutoka kwa mwalimu kiziwi. Tasnifu za uzamili zinaweza kuchunguza namna nahau na methali zinavyohawilishwa, na kamusi ya Kiswahili na LIK inaweza kuandaliwa kwa ushirikiano na vyama vya viziwi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mkalimani wa lugha ya ishara ni mtaalamu wa lugha mbili kamili, mwenye mbinu na maadili, na kwamba usalama wa mtu hospitalini na haki yake mahakamani humtegemea. Fasili ya ukalimani inayofunzwa vyuoni haina budi kupanuliwa ili imhusishe. Kiswahili hujivunia kuwa lugha ya taifa, na katika taifa hilo wamo raia wasiokisikia. Kuwafikia raia hao ni jukumu la wataalamu wa Kiswahili pia, wala si la wakalimani peke yao.