Sinema za mizuka na siri ya ngozi njema

Je, umewahi kutazama sinema inayokutisha na kukuchekesha kwa wakati mmoja? Nyumba ni ya kale na imejaa utando wa buibui, watu wamevaa nguo nyeusi tupu, na nyuso zao ni nyeupe kana kwamba zimepakwa chokaa. Hizi ndizo sinema za kigothi. Wengi wetu huzitazama, tukacheka, kisha tukaenda kulala.

Hata hivyo, ukizitazama kwa makini utagundua kuwa zina mengi ya kutufunza kuhusu ngozi, na kuhusu maisha kwa jumla. Mafunzo hayo yanamhusu sana mkazi wa Pumwani, hasa dada anayepita kila siku mbele ya meza za vipodozi akielekea Gikomba. Wiki hii tuangalie sinema tatu.

DAWA YA UJANA

Ya kwanza ni Death Becomes Her ya mwaka wa 1992. Meryl Streep na Goldie Hawn ni mahasimu wawili wanaoogopa uzee. Kila mmoja kwa wakati wake anamwendea mwanamke mrembo wa ajabu, ananunua dawa ghali na kuinywa. Papo hapo makunyanzi yanatoweka na ujana unarudi. Furaha iliyoje!

Lakini dawa hiyo haizuii mwili kuharibika. Mmoja anaanguka ngazini na kuvunjika shingo, mwingine anapigwa risasi na kubaki na tundu tumboni. Hawafi, wala hawaponi. Inambidi daktari, ambaye Bruce Willis anaigiza sehemu yake, awapake rangi ya kupuliza ili waonekane kama watu. Nayo rangi haidumu; sharti irudiwe tena na tena.

Je, hadithi hii si sawa na ya krimu za kujichubua? Majuma ya kwanza uso unang'aa na majirani wanakusifu. Baadaye mambo hugeuka. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya rangi ya bluu na nyeusi ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Krimu zenye steroidi kali, kama vile clobetasol na betamethasone, hufanya ngozi kuwa nyembamba, zikaleta michirizi, chunusi na vidonda visivyopona upesi. Ukishaona madoa, unapaka zaidi ili kuyaficha. Hapo umekuwa kama wale mahasimu wawili na kopo lao la rangi.

Zebaki ndiyo hatari kuliko zote. Hupenya kwenye ngozi, ikaingia mwilini na kuharibu figo na neva. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni na huweza kudhuru ubongo wake unaokua. Tukumbuke kuwa Pumwani ndipo ilipo hospitali ya akina mama iliyoanzishwa mwaka wa 1926, ambako watoto wengi mno wa jiji hili wamezaliwa. Mama, ukishajua una mimba, acha mara moja sabuni na krimu za kubadilisha rangi, na umweleze mkunga ulichokuwa ukitumia. Usione haya, kwani habari hiyo itamsaidia kukuhudumia. Zebaki huweza pia kubaki kwenye taulo na shuka, ikawafikia watoto wengine nyumbani.

Utaitambuaje? Soma maandishi ya pakiti. Ukiona mercury, Hg au calomel, irudishe. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse vito vya dhahabu, fedha au alumini, hiyo pia ni dalili ya zebaki. Na ikiwa pakiti haina orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji, au krimu imepimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa kikopo, usinunue. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vingi vya namna hii tangu mwaka wa 1998, lakini vingali vinapenya sokoni.

Tahadhari moja: ikiwa umetumia krimu ya steroidi kwa miezi mingi, usiiache ghafla bila ushauri. Uso huweza kuwaka na kuvimba, ukadhani krimu ndiyo iliyokuwa dawa, ukairudia. Mwone daktari akuongoze.

EDWARD NA MAKASI YAKE

Sinema ya pili ni Edward Scissorhands ya mwaka wa 1990, iliyotengenezwa na Tim Burton. Edward, ambaye anaigizwa na Johnny Depp, ana makasi mahali pa vidole, na uso wake umejaa makovu ya kujikata mwenyewe. Mama mmoja muuza vipodozi anamhurumia, anamchukua hadi kwake na kumpaka krimu hii na ile. Makovu yanabaki yalivyo.

Funzo ni kwamba kovu huzuiwa mapema. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi na sabuni, ulipake mafuta ya mgando na kulifunika. Usitumbue chunusi wala kubandua magamba ya kidonda, kwani ngozi nyeusi hubaki na doa kwa miezi mingi, na baadhi yetu huota kovu kubwa la kuvimba. Ikiwa ukoo wenu una tabia hiyo, fikiri mara mbili kabla ya kutoboa sikio au pua.

Baadaye Edward anakuwa msusi, na wanawake wa mtaa wanapanga foleni. Nawe ndugu, ukienda kwa kinyozi wako, hakikisha mashine inasafishwa kwa dawa kabla ya kugusa kichwa chako. Mashine chafu hueneza mapunye, na yenye damu ni hatari zaidi. Ukiota vinundu kisogoni au kidevuni kila unaponyoa, mwambie kinyozi aache nywele kidogo badala ya kunyoa hadi kwenye ngozi.

WEUSI WA MORTICIA

Ya tatu ni The Addams Family ya mwaka wa 1991. Morticia, anayeigizwa na Anjelica Huston, huvaa nyeusi usiku na mchana, na hukata maua ya waridi akabaki na vijiti vyenye miiba. Majirani wanashangaa, yeye hajali, na mumewe anampenda alivyo. Ni mara ngapi dada zetu wamejichubua kwa sababu ya neno moja la jirani au la mchumba?

Weusi wa Morticia unatukumbusha piko. Katika harusi za Majengo, hina ni pambo letu tangu jadi, na hina halisi haina neno kwa watu wengi. Rangi yake ni ya kahawia iliyokaribia wekundu, na huhitaji saa kadhaa kushika. Ile nyeusi tititi inayoshika upesi kwa kawaida ni rangi ya nywele. Huweza kuleta malengelenge siku kadhaa baadaye, na mwili ukishaikataa, utaikataa maishani. Usiwapake watoto, na bibi harusi asiijaribu kwa mara ya kwanza katika juma la arusi yake.

TUFANYE NINI?

Huduma ya ngozi haihitaji fedha nyingi. Oga kwa sabuni isiyo kali. Paka mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu, hasa katika baridi ya Julai. Tumia kofia na kivuli jua linapokuwa kali. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, krimu ya kukinga jua ni ya lazima kila siku, kwa kuwa ngozi yao hupata saratani kwa urahisi. Na doa lolote linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu lionyeshe kwa daktari.

Tumalizie na yule daktari wa sinema ya kwanza. Alipopewa dawa ya ujana aliikataa. Alioa tena, akapata watoto na marafiki, akazeeka na kufa kama watu wote, na watu wakajaa kanisani kumwaga. Wale wawili nao walihudhuria mazishi, nyuso zikiwa zimebanduka rangi. Walipotoka nje walianguka ngazini wakavunjika vipande vipande. Kilichowaangusha ni kopo la rangi.

Kopo lako liko wapi, dada? Litazame leo kabla hujalala, na usome yaliyoandikwa juu yake.