Kupatana Baada ya Uchaguzi

Vyama vya siasa hushindana. Kushindana si kosa. Shida huanza mshindi anapochukua vyote, na aliyeshindwa akabaki mikono mitupu. Tuone mambo yalivyokuwa Zanzibar.

Mwaka 1995 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa vyama vingi. Salmin Amour wa CCM alipata kura 50 na kidogo katika kila kura 100. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alikaribia 50. CUF walisema wamedhulumiwa. Wawakilishi wao wakasusia Baraza la Wawakilishi. Uhasama ukaingia vijijini. Baadhi ya majirani waliacha hata kuzikana.

Mwaka 1999 vyama hivyo vilitia sahihi muafaka, yaani mapatano. Lakini mengi yaliyoandikwa hayakutekelezwa. Uchaguzi wa mwaka 2000 ukaleta ugomvi tena. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, Unguja na Pemba. Wengine walikimbilia Kenya. Oktoba 2001 ulitiwa sahihi muafaka wa pili. Nao haukumaliza uhasama.

Kwa nini? Kwanza, viongozi walitia sahihi, lakini hawakuaminiana. Pili, aliyeshindwa hakuwa na nafasi yake serikalini kwa mujibu wa katiba.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana ana kwa ana. Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura: Je, mnataka serikali ya umoja? Katika kila watu 100 waliopiga kura, 66 walikubali. Katiba ikabadilishwa. Chama cha pili kikapewa haki ya kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulipita kwa amani, na Maalim Seif akashika cheo hicho.

Hata hivyo, katiba peke yake haitoshi. Matokeo ya uchaguzi wa 2015 yalifutwa. CUF walisusia uchaguzi wa marudio wa 2016, na serikali ya umoja ikasimama. Ilirudi Desemba 2020, Maalim Seif akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo. Alifariki Februari 2021.

Basi, mapatano ni kama nyumba ya udongo. Kuijenga ni kazi, na kila mwaka lazima ikandikwe upya.

Maswali
1. Muafaka ni nini?
2. Kwa nini muafaka wa 1999 haukuleta amani?
3. Katika kijiji chenu, walioshindwa katika uchaguzi hupewa kazi gani? Zungumzeni.