Wanafunzi, kompyuta na maji yenye sumu: habari ya mji wa Flint



Vijana wengi wa vyuo vikuu, hapa kwetu Kivu pia, wanasikia siku hizi neno hakatoni. Ni shindano la siku moja au mbili. Wanafunzi wanaketi kwa vikundi vya watu wanne au watano, wanapewa takwimu za jambo moja, na kila kikundi kinatafuta kwa kompyuta jibu linaloweza kusaidia watu. Wanalala kidogo, wanakunywa kahawa nyingi, kisha wanasimama mbele ya wenzao kueleza walichokiona.

Kama takwimu hizo ni za maji ya kunywa, jambo hilo linatuhusu sisi tunaofanya kazi ya amani mitaani. Karatasi inayosema kwamba maji ya chemchemi fulani ni mabaya inaweza kuokoa watoto. Inaweza pia kuwasha ugomvi kati ya kartiye mbili, hasa mahali ambapo watu wamekwisha kushukiana sumu. Kwa hiyo tuangalie mahali ambapo kazi ya namna hii ilifanyika kweli: mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani.

Mwaka 2014 Flint ulikuwa mji wa watu karibu 100,000. Zaidi ya nusu yao ni weusi, na wengi ni maskini. Mwezi wa Aprili 2014, ili kupunguza gharama, wakubwa waliacha kununua maji ya Detroit yanayotoka ziwa Huron, wakaanza kutumia maji ya mto Flint. Maji hayo yalikula mabomba, na hawakutia dawa ya kuzuia kutu. Nyumba nyingi za zamani ziliunganishwa na bomba kubwa la barabarani kwa vibomba vya risasi, chuma ambacho wengi wetu tunakiita plombi. Risasi ikaingia katika maji. Haina harufu, na mara nyingi huwezi kuitambua kwa ulimi. Inaharibu akili za watoto wadogo polepole, na madhara yake hayarudi nyuma.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo watu wetu wanachanganya. Kolera inaletwa na kijidudu. Ukichemsha maji au ukitia klore, kinakufa. Lakini risasi haifi. Ukichemsha maji yenye risasi, mvuke unapanda na risasi inabaki ndani ya sufuria, katika maji machache zaidi. Ndiyo maana kabla ya kuwaambia watu wafanye nini, lazima kujua ni uchafu gani uliomo.

Wakaaji wa Flint walilalamika mapema, wakileta chupa za maji ya rangi ya kahawa. Waliambiwa kwamba maji ni mazuri. Oktoba 2014 kiwanda cha magari cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yanaleta kutu kwenye vipande vya mashine. Watu wa mji waliendelea kuyanywa. Mwaka 2015 mama mmoja wa watoto wanne, LeeAnne Walters, alimtafuta mtaalamu Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Wanafunzi wake walituma vifurushi 300 vya chupa, na wakaaji wenyewe wakachota maji kwenye robine zao. Zaidi ya vifurushi 250 vilirudi. Septemba mwaka huo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi katika damu walikuwa wameongezeka karibu mara mbili. Oktoba mji ukarudia maji ya Detroit. Kulikuwa pia na ugonjwa wa mapafu ulioletwa na vijidudu vya majini, na watu wasiopungua 12 walikufa.

Maji yakabadilishwa, lakini vibomba vilibaki chini ya ardhi. Na hakuna aliyejua kwa hakika viko wapi. Kumbukumbu za mji ziliandikwa kwenye vikaratasi vidogo kama 45,000, vingi vya zamani, vingine vya uongo. Kuchimba na kubadilisha kibomba cha nyumba moja kunagharimu dola elfu kadhaa.

Ndipo wanafunzi wanapoingia. Katika chuo kikuu cha Michigan kulikuwa na chama cha wanafunzi kinachoitwa Michigan Data Science Team, kilichozoea mashindano ya takwimu. Pamoja na walimu Jacob Abernethy na Eric Schwartz walikusanya kila kilichopatikana: mwaka nyumba ilipojengwa, bei yake, mahali ilipo, maandishi ya vile vikaratasi, na vipimo vya maji vilivyoletwa na wakaaji. Kompyuta haikuona chini ya ardhi, na haina uchawi. Ilifanya kama fundi mzee ambaye amechimba mashimo mengi: nyumba za aina hii, za mwaka huu, katika barabara hii, zilikutwa na risasi, basi hii nyingine inayofanana nazo labda nayo inayo. Kila shimo jipya lilirudishwa katika hesabu, hata lile lisilo na kitu, na kompyuta ikasahihisha mawazo yake.

Walikuwa waangalifu pia na vipimo vyenyewe. Mtu anayeleta chupa yake kupimwa mara nyingi ni yule mwenye wasiwasi au mwenye nafasi. Mama anayefanya kazi mchana kutwa haji. Ukihesabu chupa zilizoletwa tu, kartiye iliyonyamaza itaonekana salama.

Mwaka 2017 nyumba 8,833 zilikaguliwa, na 6,228 zikabadilishiwa vibomba, yaani karibu 70 kwa mia. Lakini watu walikuwa wanaona jirani anachimbiwa na wao wanarukwa. Ni nani angeamini kompyuta, baada ya kudanganywa na wenye mamlaka mwaka mzima na zaidi? Diwani gani angesimama mbele ya wakaaji kuwaambia wasubiri kwa sababu ya hesabu? Mwaka 2018 hesabu ya wanafunzi ikawekwa kando, kazi ikapewa kampuni nyingine, na wakachimba barabara nzima nzima. Nyumba 10,531 zilikaguliwa, na risasi ilipatikana katika 1,567 tu: 15 kwa mia. Nyumba zenye sumu zikaendelea kungoja. Mwaka 2019, kwa mapatano yaliyotokana na kesi ya wachungaji na wakaaji, mji ulilazimika kurudia hesabu ile. Kazi ya vibomba ilitangazwa kumalizika Julai 2025: karibu 11,000 vilikuwa vimebadilishwa.

Mimi sioni kwamba wakaaji walikuwa wajinga. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekaa nao mapema kuwaeleza kwa nini nyumba hii inatangulia ile. Kazi hiyo haifanywi na kompyuta.

Sisi watu wa Goma tunajua bei ya maji mabaya. Julai 1994 kolera na kuhara viliua maelfu ya wakimbizi. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 ilikata maji ya sehemu kubwa ya mji, na wakati wa mapigano ya Januari 2025 watu wengi walichota tena ziwani. Vijana wetu wakitaka kufanya hakatoni yao, takwimu zitatoka kwa wanaopima klore kwenye bidoni na kwa wauguzi wa vituo vya afya.

Kwa hiyo kabla ya shindano tunawaomba wapimaji waandike kwa kila bidoni: tarehe na saa, mahali maji yalipochotwa na si mahali mwenye bidoni anapoishi tu, kama mvua ilinyesha jana yake, na kipimo kilichoonekana hata kama ni sifuri. Jina la familia lisiandikwe, wala kabila lake. Matokeo yasomwe kwanza mbele ya wazee, akina mama na kamati ya maji ya pande zote mbili wanaochota hapo, siku moja na mahali pamoja, kabla hayajabandikwa ukutani.