SAFARI YA KWANZA YA NG'AMBO: JITAYARISHE UNGALI NYUMBANI



Wakikuyu wana methali isemayo kwamba mtu asiyetembea hudhani ni mama yake peke yake ajuaye kupika. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila mkulima wa skimu, maana wengi wetu tumelima na kufuga miaka mingi tukitazama shamba la jirani tu. Siku hizi viko vikundi vya wakulima viwekavyo akiba pamoja, vikatafuta kiongozi wa safari, vikaenda ng'ambo kuona wenzetu wafanyavyo kazi. Jambo hilo ni jema. Lakini safari ya namna hiyo haianzi katika kiwanja cha ndege. Huanza nyumbani, miezi mingi kabla.

Tuchukue mfano. Tuseme wakulima ishirini wa Gakindu, huko Mukurwe-ini katika Nyeri, wamepatana kwenda Uholanzi. Kila mmoja ana miti yake ya kahawa, na ng'ombe wawili au watatu wa gredi wanaolishwa zizini. Nao wana ndugu zao waliohamia mashamba ya skimu tangu mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962. Yale yatakayowafaa wao yatakufaa na wewe. Tena wamechagua vizuri, maana ng'ombe wetu wa madoa meusi na meupe, aitwaye Friesian, alipata jina lake kutoka Friesland, jimbo la Uholanzi.

WALIOTUTANGULIA

Safari ya pamoja ya ng'ambo si jambo jipya kwetu. Mwaka 1931 watu watatu wa Kenya, Chifu Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua, walifika London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Hawakwenda kutazama majumba. Walikwenda na maneno ya watu wao, wakayasema. Hapo pana funzo kwako: anayekwenda ng'ambo kwa niaba ya kikundi ametumwa, na aliyetumwa hana budi kujua alichotumwa.

FEDHA KWANZA

Fedha ndiyo chanzo cha furaha au majuto ya safari hii. Wekeni akiba katika akaunti ya kikundi, yenye watia sahihi watatu, na kila mwezi hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote. Kabla ya kumlipa wakala wa safari hata shilingi moja, mwombeni leseni yake ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha mwulize Mamlaka yenyewe kama leseni hiyo ni ya kweli. Takeni mapatano ya maandishi: ni siku ngapi, mtalala wapi, mtazuru mashamba gani, na fedha zitarudishwa vipi safari isipokuwako. Mtu akikuambia, "Tuma pesa leo kwa simu yangu, kesho nafasi zimekwisha," mwache aende na nafasi zake.

Labda utauliza: "Je, niuze ng'ombe mmoja, au niweke hati ya shamba rehani ili nisiachwe?" Sivyo, ndugu. Shamba ndilo litakalotumia maarifa ya safari. Ukilipoteza, maarifa hayo utayapeleka wapi? Asiye na fedha mwaka huu aweke akiba kwa safari ijayo. Njia nyingine ni kikundi kuchangia wajumbe wachache tu. Mkifanya hivyo, wachagueni wale wakamuao na kulisha ng'ombe kwa mikono yao wenyewe. Katika nyumba nyingi huyo ni mama. Msimwache nyumbani kisha mkampeleka bwana asiyejua ndoo inakaa wapi.

VYETI

Pasipoti huombwa kwa njia ya eCitizen, nayo ada hulipwa huko huko, si mkononi mwa mtu. Kisha mwombaji huenda mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Watu wa Nyeri waweza kwenda Nyayo House, Nairobi, au ofisi ya Embu. Shida kubwa ya wazee wetu ni majina. Kitambulisho kinasema hivi na cheti cha kuzaliwa kinasema vile, au cheti hakipo kabisa. Mama naye huenda ana jina la baba yake katika karatasi moja, na la mumewe katika nyingine. Tengeneza mambo hayo mapema, maana ofisi haikimbizwi.

Baada ya pasipoti huja viza. Viza ya kuingia Uholanzi ni ile itumikayo katika nchi nyingi za Ulaya, iitwayo Schengen. Haiombwi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala haifai kuombwa zikiwa zimebaki siku chini ya 15. Pasipoti yako iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Utatakiwa kuwa na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ukikataliwa.

Watoa viza wataka kujua jambo moja hasa: je, mtu huyu atarudi kwao? Kwa hiyo mkulima aonyeshe alicho nacho nyumbani: hati ya shamba, karatasi za malipo ya maziwa au kahawa, barua ya chama chake, na barua ya wenyeji waliomwalika. Usitie neno la uongo. Na yule mwenye nia ya kutoroka akifika huko, na ajitoe mapema. Mmoja akibaki, jina la kikundi huharibika, na wanachama watakaoomba mwaka ujao ndio watakaolipa deni lake.

NANI ATAKAMUA?

Chagueni majira. Katika Nyeri kahawa nyingi huchumwa Oktoba hadi Desemba, basi miezi hiyo haifai. Mei na Juni hufaa zaidi, kwani ng'ombe wa Uholanzi huwa nje malishoni wakati huo.

Majuma mawili kabla ya kuondoka, mweke mtu atakayekamua, naye aanze kazi ukiwapo, ng'ombe wamzoee. Mwandikie katika daftari: ng'ombe yupi alipandishwa siku gani, yupi ana mimba na atazaa lini, kila mmoja hupewa chakula cha dukani kiasi gani, na simu ya daktari wa mifugo. Kama ng'ombe wako atazaa juma lile la safari, fikiri tena.

NGUO NA MIZIGO

Unaijua baridi na ukungu wa Gakindu mwezi wa Julai. Chukua nguo kama za Julai, na koti la mvua juu yake. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Dawa zako zikae katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, nazo uzibebe mkononi. Vitu vya majimaji katika mfuko wa mkononi visizidi mililita 100 kila kichupa. Nyama na maziwa usichukue, maana Ulaya havikubaliwi mkononi mwa msafiri, hata kama mama amekufungia kwa upendo.

Fikeni kiwanja cha Jomo Kenyatta saa tatu kabla ya ndege kuruka. Safari ya moja kwa moja hadi Amsterdam ni kama saa nane. Inuka mara kwa mara, nyosha miguu, kunywa maji. Mkifika, afisa atakuuliza waenda wapi na warudi lini. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Usishangae mwezi wa Juni jua likitua karibu saa nne za usiku. Ukingoja giza ndipo ulale, utakwenda kwenye zizi asubuhi ukisinzia. Chakula cha mchana cha Waholanzi mara nyingi ni mkate na jibini, bila kitu cha moto. Kula, ushukuru. Githeri itakungoja.

ADABU YA ZIZI LA WENYEWE

Hapa sikiliza sana. Kwetu ugonjwa wa miguu na midomo upo, lakini kwao ukiingia ni msiba. Mwaka 2001 uliingia Uingereza, wakachinjwa wanyama zaidi ya milioni 6. Mwaka ule ule ulifika Uholanzi, wakauawa wanyama zaidi ya 200,000. Kwa hiyo buti zako za zizini ziache nyumbani. Mwenyeji atakupa buti na ovaroli zake, nawe utakanyaga dawa mlangoni. Katika mashamba mengi ya nguruwe mgeni huoga kwanza ndipo aingie. Usione kwamba umedharauliwa. Ni sheria kwa kila mgeni, naye mwenyeji analinda riziki yake.

ULIZA YA MAANA

Utaona mashine ikimkamua ng'ombe bila mtu. Mashine hizo zilianza kutumika Uholanzi mwaka 1992. Utaambiwa kwamba ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya lita 8,000 kwa mwaka. Usirudi na hadithi ya mashine tu. Uliza: ng'ombe huyu anakula nini, kiasi gani, na kwa gharama gani? Ndama hupewa maziwa kwa siku ngapi? Majani huhifadhiwaje kwa majira ya baridi? Hilo la mwisho lakuhusu sana wewe uhangaikaye na kiangazi. Chama chao cha ushirika humlipaje mkulima?

Uliza pia habari za shida zao. Wewe wa Gakindu watafuta samadi ya kuweka kwenye kahawa na haitoshi. Wao wanayo nyingi kupita kiasi, hata inaharibu ardhi na maji. Baada ya hukumu ya mahakama mwaka 2019, serikali yao ilitaka mifugo ipunguzwe, na wakulima wakaingia barabarani na matrekta kupinga. Utajua kwamba kila zizi lina shida yake, na kwamba si kila kilicho cha Ulaya kinafaa kuigwa.

UKIRUDI

Usilete mbegu, kipandikizi wala udongo mfukoni. Vitu hivyo vyataka kibali cha KEPHIS kabla havijaletwa, maana ugonjwa mmoja waweza kumaliza shamba la mlima mzima. Mbegu bora za madume ya ng'ombe zinapatikana hapa hapa, katika kituo cha Kabete.

Kabla mwezi haujaisha, itisheni mkutano. Kila msafiri aseme mambo matatu: nililoliona, lisilotufaa, na lile moja nitakaloanza kufanya katika zizi langu juma hili. Hilo la tatu liandikwe katika kitabu cha kikundi, na baada ya miezi sita wanachama waende kulitazama kwa macho. Wakilikuta, fedha za safari hazikupotea.

Safari njema, ndugu mkulima.