Nauru

Nauru (kwa Kinauru: Naoero) ni nchi ya kisiwa kimoja katika sehemu ya Mikronesia ya Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya ikweta. Eneo lake ni kilomita za mraba 21 tu. Ni jamhuri ndogo kuliko zote duniani. Nchi huru zinazoizidi kwa udogo ni mbili, yaani Vatikani na Monako. Wakazi wake ni kama 12,000.

Hakuna mji mkuu rasmi. Bunge, ofisi za serikali na uwanja wa ndege viko katika wilaya ya Yaren upande wa kusini, ndiyo sababu orodha nyingi huitaja Yaren mahali pa mji mkuu.

Jiografia

Kisiwa kina umbo la yai na kimezungukwa na mwamba wa matumbawe. Nyuma ya ufuo kuna ukanda mwembamba wa ardhi yenye rutuba, wenye upana wa mita 150 hadi 300 hivi. Karibu watu wote wanaishi hapo, na hapo ndipo inapopita barabara kuu, ambayo inazunguka nchi nzima kwa urefu wa kilomita 19 hivi. Minazi na mikadi hustawi katika ukanda huo.

Ndani ya ukanda huu ardhi inapanda hadi uwanda wa juu. Kilele chake hakifiki mita 75 juu ya usawa wa bahari. Uwanda huo ni takriban asilimia 80 ya kisiwa, na sehemu yake kubwa haikaliki wala hailimiki: udongo wenye fosfati umeondolewa, zikabaki nguzo za mawe ya chokaa zenye ncha kali, nyingine ndefu kumzidi mtu. Jua likizipiga, joto linalopanda kutoka kwenye mawe hayo hufanya mazingira kuwa makavu zaidi.

Kusini-magharibi kuna bonde la Buada lenye ziwa dogo la maji ya chumvichumvi. Zamani Wanauru walikamata vifaranga vya mwatiko baharini na kuvifuga katika ziwa hilo. Ni samaki yuleyule anayefugwa leo katika mabwawa ya pwani ya Kenya na Tanzania.

Hakuna mto hata mmoja. Maji ya kunywa hutokana na mvua na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Bandari ya asili haipo pia. Nje ya mwamba sakafu ya bahari inashuka ghafla, hivyo kwa miaka mingi meli zilifungwa kwenye maboya na mizigo kuletwa pwani kwa mashua.

Watu

Kwa asili Wanauru wamegawanyika katika koo 12, na mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Nyota nyeupe kwenye bendera ina ncha 12 kwa ajili ya koo hizo. Mstari wa njano juu yake ni ikweta. Lugha ya taifa ni Kinauru, na Kiingereza hutumika sana serikalini na shuleni. Wengi ni Wakristo, hasa Waprotestanti na Wakatoliki.

Tarehe 26 Oktoba huadhimishwa sikukuu ya Angam. Asili yake ni hesabu ya watu: baada ya magonjwa kuua wengi, ilionekana kwamba taifa likiwa na watu chini ya 1,500 liko hatarini kutoweka. Idadi hiyo ilifikiwa mwaka 1932. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Wajapani walikiteka kisiwa mwaka 1942, na mwaka uliofuata wakawahamishia Wanauru 1,200 katika visiwa vya Truk (leo Chuuk) kufanya kazi za shuruti. Walionusurika na kurudi nyumbani tarehe 31 Januari 1946 walikuwa 737. Ilibidi taifa lianze kuhesabu upya, na idadi ya 1,500 ikafikiwa tena mwaka 1949.

Fosfati

Ujerumani ilitwaa Nauru mwaka 1888 bila kujua kilichomo ardhini. Mwaka 1900 Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni ya biashara ya Pasifiki, alipima jiwe kutoka Nauru lililokuwa likitumika kuzuia mlango katika ofisi ya Sydney, akakuta ni fosfati ya hali ya juu. Fosfati ni malighafi ya mbolea. Uchimbaji ulianza miaka michache baadaye, na wenye ardhi walilipwa nusu peni kwa tani.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Nauru iliondolewa mikononi mwa Wajerumani na kuwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kama ilivyokuwa kwa Tanganyika. Uingereza, Australia na New Zealand ziliunda tume ya pamoja iliyochimba fosfati na kuwauzia wakulima wao kwa bei ya chini kuliko ya soko. Ni vigumu kuona ni kwa namna gani mpango huo ulikuwa udhamini kwa manufaa ya Wanauru.

Ilipoonekana kwamba ardhi itakwisha, Australia ilipendekeza kuwahamishia Wanauru wote katika kisiwa cha Curtis, Queensland. Mwaka 1964 walikataa, kwa kuwa wangepata makazi na kupoteza nchi. Uhuru ulipatikana tarehe 31 Januari 1968, siku ileile ya kurudi kutoka Truk, na Hammer DeRoburt akawa rais wa kwanza. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa uharibifu wa ardhi uliofanyika kabla ya uhuru. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 1993, Australia ikikubali kulipa dola za Australia milioni 107.

Uchumi

Katika miaka ya 1970 pato la Nauru kwa kila mtu lilikuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Matibabu na elimu vilikuwa bure, na hapakuwa na kodi ya mapato. Sehemu ya fedha iliwekwa katika mfuko wa akiba kwa ajili ya siku ambayo fosfati ingekwisha. Wazo lilikuwa zuri. Usimamizi ulikuwa mbaya. Mfuko ulijenga jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne, na fedha za fosfati ziligharamia hata tamthilia ya muziki kuhusu Leonardo da Vinci iliyoonyeshwa London mwaka 1993 na kufungwa upesi. Shirika la ndege la taifa liliendeshwa kwa hasara. Jengo la Melbourne liliuzwa mwaka 2004 kulipa madeni.

Tangu hapo serikali imetafuta vitu vingine vya kuuza. Leseni za benki za nje zilivutia fedha haramu. Kuanzia mwaka 2001 Australia imelipia vituo vya kuwaweka wakimbizi waliojaribu kufika kwake kwa mashua, wakiwemo Waafghanistan, Wairani na Wasomali. Mashirika ya haki za binadamu yamelaani mara nyingi hali zao. Pato la uhakika zaidi ni malipo ya meli za kigeni zinazovua jodari. Mwaka 2015 uliundwa mfuko mpya wa akiba unaosimamiwa pamoja na wafadhili. Fosfati iliyobaki kati ya nguzo za mawe bado inachimbwa kidogo. Serikali pia inaunga mkono kampuni inayotaka kuchimba madini kwenye sakafu ya bahari kuu, jambo linalopingwa na baadhi ya majirani zake.

Fedha inayotumika ni dola ya Australia. Vyakula vingi huagizwa kutoka nje, na kisukari kimekuwa ugonjwa wa kawaida.

Serikali

Bunge lina wabunge 19 wanaochaguliwa kwa miaka mitatu. Wabunge humchagua rais kati yao, naye ni mkuu wa nchi na wa serikali. Vyama vina nguvu ndogo, hivyo mbunge mmoja au wawili wakibadili upande serikali huweza kuanguka, na imetokea mara nyingi. Kupiga kura ni lazima kwa mwenye miaka 20 na zaidi. Mpiga kura huwapanga wagombea wote kwa namba: wa kwanza hupata kura moja, wa pili nusu, wa tatu theluthi, na kuendelea.

Kuna wilaya 14. Jeshi halipo, ulinzi ni jukumu la Australia. Nauru ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1999, na mnamo Januari 2024 iliacha kuitambua Taiwan na kuanzisha tena uhusiano na China. Kazi kubwa iliyo mbele ya serikali ni kusawazisha sehemu ya uwanda wa juu ili watu waweze kuhamia huko, maana bahari inapanda na ukanda wa pwani hauna pa kurudi nyuma isipokuwa kwenye mawe yaleyale.