Soko Likianza Kugeuka

Ndugu wanakikundi, mnakumbuka mifuko ya plastiki, ile tuliita juala? Serikali ilitangaza Februari 2017 kwamba itapigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti mwaka huo. Hiyo ilikuwa miezi sita nzima! Waliosikia wakaanza mapema kusuka vikapu na kushona mifuko ya kitambaa walikuwa na mali tayari siku ilipofika.

Lakini dalili nyingi hazitangazwi redioni. Mteja anauliza kitu, anakikosa, anaenda zake. Basi wekeni daftari dukani, mwandike kila kinachoulizwa na hakipo. Kikiulizwa tena na tena na watu tofauti, leteni kidogo mjaribu. Msikimbilie mkopo kwanza, maana wengine huuliza bei tu wakingoja matatu.