Mlinganyo Mmoja, Maumbo Mawili

Katika karatasi ya miraba, nukta hutajwa kwa majira mawili, x na y. Lakini vitu vya mviringo, kama vile mtungi, ngoma au dishi la setilaiti, huelezeka kwa wepesi zaidi kwa majira ya mcheduara. Hapo nukta hutajwa kwa vipimo vitatu: r, yaani umbali wake kutoka mhimili wa katikati, θ, yaani pembe iliyozungukwa, na z, yaani kimo chake.

Tuchukue dishi la parabola ambalo fokasi yake iko sentimeta 50 juu ya kitako. Uso wake hufuata mlinganyo z = r²/200. Pembe θ haimo, kwa kuwa dishi ni sawa pande zote. Ukingoni, ambako r ni sentimeta 60, kimo ni 3600 ÷ 200, yaani sentimeta 18.

Kompyuta huuchora uso huu kwa muda mfupi, ila programu hazifanani. Katika Mathematica, amri ya RevolutionPlot3D hupokea kanuni ya z. Katika Maple, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, amri ya cylinderplot hupokea kanuni ya r. Mwanafunzi akiiandikia z²/200, akidhani amebadili herufi tu, hatapata dishi. Atapata umbo la tarumbeta lenye ncha kali chini, ambalo katika kimo cha sentimeta 60 lina nusukipenyo cha sentimeta 18 tu. Kompyuta haitamwonya, maana imetii ilichoambiwa. Alipaswa kuandika r = √(200z), z ikitoka 0 hadi 18.

Njia inayofaa katika programu nyingi, ikiwemo GNU Octave isiyolipiwa, ni kugeuza majira kwanza: x = r cos θ na y = r sin θ. Pembe ipimwe kwa radiani, kutoka 0 hadi 2π. Mwenye kuandika 360 huizungusha picha mara 57 na zaidi, ikavurugika.

Hata shule isiyo na kompyuta yaweza kuhakiki. Kwa r za 0, 20, 40 na 60, z ni 0, 2, 8 na 18. Mchirizi wa nukta hizo ukikatwa katika kadi na kuzungushwa kwenye mhimili wake, dishi huonekana. Picha yoyote isiyopita katika nukta hizo, hata ikipendeza namna gani, si ya dishi hilo.